Kelele ya injini inamsumbua kweli nyangumi mwenye mtoto? Nauliza kutoka Msimbati

Nahodha wa Msimbati:

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni nahodha huku Msimbati, Mtwara, nina boti la faiba na mashine ya nguvu farasi 40. Kazi yangu hasa ni kuvua na kubeba mizigo, lakini kuanzia Julai mpaka Novemba, nyangumi wa nundu wakipita huku kwetu, napeleka na wageni kuwaangalia. Maji ya kina yako karibu sana na ufukwe wa Ruvula. Kuna asubuhi huhitaji hata boti, unakaa zako chini ya mvinje unawaona wanaruka. Nina swali, na naomba anijibu mtu anayejua, si wa kubahatisha.

Juzi nilipata familia ya watu wa bara, baba, mama na watoto, wamekuja na gari lao. Upepo wa kusi ulikuwa umelala. Tukatoka, hatujafika mbali tukamkuta mama na mtoto wake. Mama kalala juujuu, mgongo umetokeza kiasi cha kukalisha watu wawili, hatikisiki. Mtoto yuko chini ya kidevu chake. Kila baada ya muda mfupi anapanda peke yake, anatoa kipumzi kidogo, anazunguka mara moja, anarudi palepale. Rangi yake bado ni kijivu cha kupauka, na lile pezi la mgongoni halijasimama vizuri, limelalia upande. Nadhani hakuwa na siku nyingi. Mama naye alipopumua, upepo ukatuletea ile harufu yao, mke wa yule bwana akaziba pua na mtandio.

Nikapunguza mafuta, nikabaki umbali wa kama uwanja wa mpira. Baba mtu akaanza: "Nahodha sogea, simu haioni kitu." Nikasogea kidogo. Yule nyangumi akageuka, akamkusanya mwanawe, wakaanza kuondoka. Hawakimbii, wanakwenda tu. Baba anasema fuata. Mimi nikasema hapana. Tulipofika nchi kavu akanikata nusu ya hela tuliyopatana, eti nimemwonyesha mgongo tu.

Sasa nyumbani ndiyo kuna kesi. Mwenzangu tuliyenunua naye boti anasema natia hasara kwa huruma zisizo na maana: mnyama ana tani 30, mashine ya 40 itamfanya nini? Kijana mmoja hapa kijijini aliyewahi kubeba vifaa vya watafiti anasema kelele inawafanya akina mama wakose maziwa. Mimi niko katikati. Nataka kujua, kinachomsumbua ni boti lenyewe au ni kelele? Na umbali sahihi ni upi? Maana kama ni porojo, mwakani namsikiliza mwenzangu.

Chuma cha Pwani:

Nahodha, hao wanyama wanapishana na meli za makontena huko nje, mashine yako ya 40 kwao ni mbu. Tatizo lako ni moja tu: unapeleka watu baharini kabla hujapokea hela. Hilo halihitaji mtafiti.

Binti Mikindani:

Kaka nahodha, salaam. Nimesoma sayansi za bahari na nimewahi kukaa kwenye boti la utafiti nikiwa na maikrofoni ya chini ya maji masikioni, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo. Chuma cha Pwani nitamrudia.

Huyo mwenzako anaangalia ukubwa. Aangalie anakula nini akiwa huku. Karibu hali kitu. Amejaza mafuta mwilini kwa kula uduvi wa Antaktika, wale krili, kisha akasafiri zaidi ya kilomita 5,000 mpaka kwetu. Hapa anazaa na kunyonyesha, maziwa yenyewe zaidi ya theluthi ni mafuta matupu, na bado ana safari ya kurudi, tena na mtoto pembeni. Vyote hivyo vinatoka kwenye akiba moja. Ule usingizi wa juujuu uliouona ndiyo namna yake ya kubana matumizi. Ukimwamsha akaondoka hafi, wala huoni kitu kibaya. Lakini boti la pili likija saa nne, la tatu saa sita, siku nzima imekwenda hajalala, na kinachopungua ni mafuta ambayo yangekuwa maziwa.

Swali lako la boti au kelele limejibiwa kwa majaribio, na mimi huwa nalipenda hilo jaribio kwa sababu ni rahisi kueleweka. Lilifanyika Ghuba ya Exmouth, magharibi ya Australia, ambako mama na watoto wa nyangumi wa nundu hupumzika. Kate Sprogis na wenzake, matokeo wakayatoa mwaka 2020. Boti lao la utafiti lilikuwa umbali wa mita 100 kutoka kwa nyangumi, spika ikiwa majini, wakawa wanapiga kelele ya boti kwa viwango tofauti huku droni ikirekodi kutoka juu. Kelele ikiwa ndogo, mama hana habari nao. Ilipopandishwa mpaka desibeli 172 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), muda wa mama kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, upumuaji ukawa mara mbili, na mwendo ukaongezeka kwa asilimia 37. (Desibeli za majini usizilinganishe na za muziki wa harusi, hesabu zake ni tofauti.) Umbali ni uleule wa mita 100. Kilichobadilika ni kelele tu.

Kwa hiyo kijana wa kijijini kwenu hajakosea sana, ila hajasema lote. Kuna lingine. Mama na mtoto wanaongea kwa sauti ndogo mno, watafiti waliowabandikia vifaa vya kurekodi huko huko Exmouth walikuta wananong'ona. Inaelekea wanaogopa kusikiwa na nyangumi wauaji, na pengine na madume yanayotafuta jike. Kelele yako ikifunika mnong'ono huo, mtoto hamsikii mama yake.

Sasa Chuma cha Pwani na meli zake. Ndiyo, wanapishana nazo, lakini anajuaje kama wamezizoea? Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, meli zilipungua ghafla Ghuba ya Fundy, Kanada. Kelele majini ikashuka kwa desibeli 6, maana yake nguvu ya sauti ilibaki kama robo. Kwa bahati kulikuwa na watafiti wanaokusanya kinyesi cha nyangumi kinachoelea (wana mpaka mbwa wa kukinusa, anakaa mbele ya boti, usicheke) ili kupima homoni. Homoni za msongo zilishuka siku zile. Miaka mingine, msimu uleule, hazikushuka hivyo. Walikuwa ni nyangumi wa aina nyingine, si hawa wetu wa nundu, lakini waliishi na meli maisha yao yote, na ukiwatazama kwa macho ungeapa wamezoea.

Umbali: Australia wanasema boti lisisogee ndani ya mita 100, na kukiwa na mtoto lisiingie kabisa ndani ya mita 300. Mwendo usizidi kilomita 11 hivi kwa saa, usimkatizie mbele, usimfuate nyuma kabisa, nenda naye sambamba kwa ubavuni. Boti zisizidi tatu. Huku kwetu Ruvula iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo pita ofisi yao wakupe masharti ya eneo lao, usitegemee ya Australia.

Na kagua propela yako. Kelele nyingi ya boti haitoki kwenye mashine, inatoka kwenye mapovu yanayozaliwa na kupasuka kwenye ncha za propela. Propela iliyogonga mwamba ikaliwa meno inapiga kelele zaidi, na mafuta inakula vilevile.

Nahodha wa Msimbati:

Dada, Mungu akuzidishie. Hilo la propela limenigusa, yangu imeliwa pembe mbili tangu nilipogusa mwamba maji yakiwa yamekupwa. Mwenzangu nimemsomea yote, amenyamaza, ila anasema Australia wana hela ya kukaa mbali.

Niulize la pili. Kabla ya boti nilikuwa mzamia pweza. Ukiwa chini, miezi ya kusi, nyangumi unamsikia wakati mwingine humwoni popote. Ile sauti huisikii kwa masikio tu, inakuingia kifuani, unabaki umeshika mwamba na kichokoo mkononi unasikiliza mpaka pumzi inakuishia. Na miaka ile ya kuvua kwa baruti, bomu likipigwa hata mbali usikoweza kuona mtumbwi, unasikia kishindo kana kwamba ni nyuma ya kisogo chako. Tulikuwa tunaibuka tunatukana. Sasa kama mimi binadamu lilikuwa linaniuma, wao je?

Binti Mikindani:

Majini sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na haififii upesi. Ndiyo maana hukuweza kujua iko upande gani, kichwa chetu hakikuumbwa kwa mwendo huo. Uliyemsikia alikuwa dume, majike hawaimbi ule wimbo.

Kuhusu baruti kuna kitu kitakufurahisha. Mwaka 2015 timu ya Gill Braulik ilipita pwani ya Tanzania ikivuta maikrofoni nyuma ya boti. Kazi yao ilikuwa nyangumi na pomboo. Kwenye saa 231 za sauti walizorekodi wakakuta na milipuko 318, mingi zaidi jirani na Dar es Salaam, lakini karibu kila eneo walilopita ilikuwepo. Walikwenda kusikiliza wanyama, wakarudi na ramani ya mabomu. Ramani ya namna hiyo haikuwahi kuwepo, watu walikuwa wanabishana tu kwa maneno. Baadaye serikali ilipobana, hali ikabadilika sana.

Aliye karibu na bomu anaharibika masikio, na mapafu yenye hewa ndiyo yanayoumia vibaya kwa mshindo. Pomboo ana hatari ya ziada, maana anafuata samaki walewale anaowafuata mpiga baruti.

Mzee wa Jarife:

Nimesoma yote, wajukuu zangu. Mimi ni wa Somanga, Kilwa, nimevua kwa jarife, wavu wa kutegea papa na taa, tangu kijana, sasa natengeneza nyavu za wenzangu tu. Nina neno, wala sikusudii kumkatisha nahodha.

Nyangumi wenu wanaongezeka. Wazungu waliwaua kwa mizinga ya chuma karibu wawamalize, wakaacha, sasa kila mwaka nawaona wengi kuliko mwaka uliopita. Wana watetezi, wana watalii, wana droni. Nguva nani anamuulizia? Huku kwetu, kutoka Mafia na maingilio ya Rufiji mpaka Kilwa, ndiko alikobakia nguva wa Tanzania. Nilipokuwa mtoto baba yangu na wenzake wakimpata, kijiji kizima kinajua. Nilimshika kwa mkono wangu: ngozi nene, nywele chache zimetawanyika, mdomo umeshuka chini una masharubu magumu yanakuchoma kiganja. Chuchu ziko chini ya mapezi, kwapani. Watu waligawana nyama mpaka usiku, na mafuta wakaweka wanawake kwenye chupa. Leo kuna vijana wenye nyavu zao wenyewe hawajamwona hata mara moja.

Na si kelele iliyomfanya hivyo. Ni jarife. Nguva anapumua hewa kama wewe na mimi, jarife linalala usiku kucha, akinasa hawezi kupanda, dakika chache amekwisha. Mvuvi anakwenda asubuhi anamkuta tayari mzoga. Hakumkusudia, alikusudia papa na taa. Sheria inakataza kumvua, lakini sheria wavu hauijui. Juya, wavu wa kukokota, nalo linakwangua majani ya bahari, na majani ndiyo chakula chake, hana kingine.

Bwana mmoja wa utafiti alikaa nami hapa barazani akanieleza hesabu yao. Jike anabeba mimba zaidi ya mwaka, anazaa mtoto mmoja, na anaweza kukaa miaka mitatu mpaka saba kabla ya kuzaa tena. Hata mambo yote yakiwa mazuri, hawaongezeki zaidi ya watano kwa kila mia kwa mwaka. Nikamwambia basi wakiwa mia moja, nyavu za pwani nzima zikiua sita tu, ndiyo wanakwenda. Akasema hivyo hivyo, mzee.

Kwa hiyo mimi nasema, binti, usomi wako ni mzuri, lakini ukipata fedha za utafiti njoo Somanga. Na usije na karatasi ya kutujazisha tu. Njoo tukae na wenye majarife tuone nani anaweza kuyahamisha kutoka kwenye majani usiku, na anayehamisha atapata nini mfukoni, maana papa ndiyo ada ya shule.

Binti Mikindani:

Shikamoo babu. Sina la kupinga hata moja. Nguva wa Afrika Mashariki mwaka 2022 wamewekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Kundi la maana lililobaki ukanda huu wote liko Bazaruto, Msumbiji, nalo ni la mamia tu. Nitakutafuta.

Fundi Meli:

Niongeze la kwangu, maana mnazungumzia kelele za boti ndogo na hamjataja kelele yenyewe. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye meli ya kupima gesi bahari kuu, huku huku mbele ya Mtwara na Lindi, mimi nikiwa msaidizi jikoni. Inavuta mizinga ya hewa. Hewa iliyoshindiliwa inaachiwa kwa pamoja, dum, baada ya sekunde kumi hivi tena, dum, usiku na mchana, majuma kwa majuma. Jikoni vijiko vilikuwa vinatetemeka kwenye droo. Usiku wa kwanza sikulala, wa nne nikalala. Wale wa majini sijui wao.

Kulikuwa na mtu kazi yake ni kukaa juu na darubini. Utaratibu ulikuwa kabla ya kuanza anaangalia dakika 30, kwenye maji ya kina kirefu dakika 60, akiona nyangumi au pomboo ndani ya mita 500 hawaanzi. Kisha wanaanza na mzinga mdogo, wanapandisha taratibu kwa dakika zisizopungua 20 ili aliye karibu apate nafasi ya kuondoka. Utaratibu mzuri. Lakini nilimuuliza yule jamaa chakula cha usiku, giza hili unaona nini? Akaniambia usiku wanategemea maikrofoni, na maikrofoni inamsikia anayetoa sauti tu. Mama anayenong'ona na mtoto, kama alivyosema binti hapo juu, nani atamsikia?

Siipingi gesi, imenilipia nyumba. Ila mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o ukija kuanza, meli kubwa zitakuwa zinaingia na kutoka Lindi miezi yote, pamoja na hiyo ya nyangumi kuzaa. Njia zao na mwendo wao ni vitu vya kupangwa mapema, kabla nahodha wa meli hajazoea njia yake. Waulizeni wahusika kwenye mikutano ya vijiji, mkiitwa. Mara nyingi watu wanauliza ajira tu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nahodha wa Msimbati:

Mzee wa Somanga shikamoo, nimekusikia. Mimi jarife sina, lakini shemeji yangu analo, nitampelekea maneno yako kama yalivyo.

Fundi Meli, hiyo ya mikutano umesema kweli. Tukiitwa mara ijayo nitauliza habari ya njia za meli, wacha wanishangae.

Kwa upande wangu nimeamua hivi, na mwenzangu amekubali kwa shingo upande. Penye mtoto, mita 300, na mashine nazima nikiwa bado mbali, kama kusi inaruhusu. Anayetaka picha ya karibu aje na kamera ya maana, simu haitoshi. Na hela yote inalipwa mchangani kabla hatujasukuma boti, hapo Chuma cha Pwani nakupa haki yako. Kesho kutwa nina wageni wengine, nitawaeleza kuanzia juu ya mchanga watakachokiona na wasichokiona. Wakikataa, warudi Mtwara mjini wakale pweza.

Sasa swali la mwisho: nani ana propela nzima ya mashine ya 40, hata iliyotumika? Ya dukani nimeulizia, bei yake wanataka ninunue na duka.

Chuma cha Pwani:

Ninayo. Ilitoka kwenye mashine iliyokufa ya mjomba wangu, pembe zote tatu ziko salama, ina mkwaruzo tu. Njoo Feri baada ya alasiri uliza kwa wauza barafu. Na ile hela uliyokatwa usiilete kama sababu ya kuniomba punguzo.